Mate ya Asubuhi Ile

Ulikuwa ukimwambia Mwalimu kwamba Himo mvua imenyesha, anakuuliza kwanza kama ulilowa. Ukisema hapana, umeambiwa na mama wa nyanya aliyepanda kutoka sokoni, anatikisa kichwa taratibu. Hakukatalii. Anasema tu, "Mama wa nyanya tumpunguzie kidogo. Mvua ikinyesha nyanya zake zinapata sababu ya kuoza." Kisha anaangalia mawingu mwenyewe, na yasipomwambia kitu anabaki hajui, na kutojua huko hakumsumbui hata chembe. Sisi wengine ndio tuliosumbuka.

Kila aliyeleta habari alipunguziwa hivyo, maneno yake yasichukuliwe yote. Mchungaji alipunguziwa kwa sababu mchungaji anahitaji habari njema. Redio ilipunguziwa kwa sababu ina mwenyewe. Msibani, watu wakianza kumsifu marehemu, Mwalimu alikuwa akiniinamia na kuninong'oneza kwamba marehemu naye tumpunguzie, ila tungoje kwanza azikwe. Mke wake, aliyetangulia mbele ya haki miaka mingi kabla yake, alikuwa akitulalamikia huku anacheka kwamba huyu mtu hata akiambiwa chai imechemka anauliza umejuaje. Mwalimu alimjibu kuwa swali si baya, na kwamba yeye mwenyewe akiongea tumpunguzie kuliko wote, maana amezeeka na ana hamu ya kusikilizwa.

Alinifundisha historia sekondari, hapo hapo Marangu. Alipostaafu akawa jirani tu, kwa sababu kihamba chake, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, na kihamba cha nyumbani kwetu vinatenganishwa na mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kwetu ndiyo mpaka na ndiyo msamaha. Migomba yake ilitupa kivuli, ng'ombe wetu walimpa mbolea, na jioni nikirudi kutoka Holili alikuwa akinisikia kwa mlio wa gari na kuniita nije ninywe mtori, supu yetu ya ndizi. Kazi yangu ilikuwa uwakala wa forodha pale mpakani. Kila dereva anayevuka ana hadithi ya mzigo wake, na nakiri kwamba nilichojifunza kwa Mwalimu kilinilisha kuliko nilichosomea chuoni.

Watu walidhani anatafuta dini ya mababu. Walimletea kila kitu: vyungu vilivyopasuka, vijiti, majina ya pori la matambiko ambalo sasa ni uwanja wa mpira. Alipokea vyote kwa adabu, akashukuru. Lakini nilichokuja kukigundua baadaye ni kwamba alikuwa anatafuta kitu kimoja tu, kidogo mno kiasi kwamba ukimwambia mtu wa mjini anaweza kukucheka. Alikuwa anatafuta maana ya mate.

Zamani, wanasema, mtu mzima wa mlimani akiamka alitoka uani, akaelekea kilele cha Kibo hata kama mawingu yamekificha, akatema mate mepesi ya kunyunyiza, akasema maneno yake kwa Ruwa, yaani Mungu. Wengine walimtemea mtoto kifuani au kwenye paji la uso kabla hajatoka nyumbani. Hayo yalikuwa mate ya baraka. Lakini wanasema pia kulikuwa na mate ya laana, na kwa aliyesimama mbali yote yalikuwa mate. Niseme mapema kwamba "wanasema" si neno langu. Ni la Mwalimu, na hakuruhusu mtu aliruke.

Sababu yake aliniambia mara moja tu. Tulikuwa tunatoka Rombo, ukungu mzito ukatushukia Mwika hadi nikaogopa kuendesha, nikaegesha pembeni tusubiri. Nilikuwa nimemtania kwamba amezunguka mlima mzima kwa ajili ya mate.

"Mama yangu alikataa ubatizo," akasema. "Wengine wote nyumbani waliingia, yeye akabaki. Siku nakwenda shule ya bweni, na kule hukai bila kubatizwa, alinifuata mpaka kwenye masale. Akageukia Kibo, akasema maneno, akanitemea hapa." Akajigusa paji la uso.

Nikamuuliza alisema maneno gani.

"Sikusikia. Wenzangu walikuwa wananingoja barabarani, wanacheka. Nikajifuta kwa mkono wa shati, nikakimbia. Likizo niliporudi, alikuwa ameshazikwa."

Ukungu ulipopungua nikawasha gari.

Baada ya hapo vituko vyake vingi nilivielewa upya. Nilikumbuka somo moja la kidato cha pili. Alitutuma nyumbani na swali: kabla ya kanisa, watu wa hapa walipoamka asubuhi walimsalimu nani, na kwa namna gani? Tuulize wakubwa, kisha tuandike jibu, na chini yake tuandike aliyejibu ni mtu wa namna gani, anasali wapi, anaishi kwa kazi gani, amegombana na nani. Tuliporudi ilikuwa kichekesho. Nyumba za Walutheri zilileta mababu waliomwomba Mungu mmoja, bila sanamu, kwa kifupi. Nyumba za Wakatoliki zilileta mababu wenye ibada ndefu na heshima kubwa kwa wafu. Rafiki yangu ambaye bibi yake alipika mbege, pombe ya ndizi, alileta mababu wasiofanya lolote bila mbege. Nyumba moja ya walokole ilileta mashetani matupu. Mwalimu alisoma yote kwa sauti, uso mkavu, sisi mbavu hatuna. Kisha akauliza kama kuna aliyeleta mababu wasiofanana na nyumba yake. Hakuna mkono ulioinuka. Akasema basi leo tumejifunza kitu: mababu hatujawajua bado, ila nyumba zetu tumezijua.

Nilidhani ni mchezo wa darasani. Sikujua kwamba na yeye alikuwa na nyumba yake.

Alikuwa na kitabu cha mmisionari mmoja wa Kijerumani, kilichotafsiriwa, chenye kurasa zilizolegea kama majani ya kabichi iliyochemshwa. Mmisionari yule aliandika kwamba wanawake wapagani huwatemea mate watoto wao wanaoshika imani, kwa chuki na kwa kuwalaani. Sentensi ile Mwalimu aliijua kwa kichwa. Ungetarajia angemchukia aliyeiandika. Mimi nilimchukia kwa niaba yake, nikasema waziwazi kwamba mzungu yule ni mwongo. Mwalimu akaniuliza nimejuaje. Alisema mzungu aliona. Hakuelewa, lakini alikuwepo uani, asubuhi, na mate aliyaona yakitoka. Wazee wetu wanaotuambia leo wanaelewa, lakini hawakuona, walihadithiwa. Halafu akanikumbusha kwamba mzungu mwenyewe hakujua Kichagga cha kutosha. Aliyemfasiria alikuwa kijana aliyekwishabatizwa, aliyetaka kazi pale misheni, na pengine mama yake mwenyewe alikuwa hajampa mkono tangu abatizwe. "Mzungu tumpunguzie kidogo," akasema. "Kijana tumpunguzie zaidi. Lakini tukiwapunguzia wote mpaka waishe, tutabaki na nani?"

Safari ile ya Rombo tulikwenda kumwona mzee mmoja karibu na Tarakea, aliyesifiwa kwamba anaijua sala ya kale ya asubuhi, nzima nzima. Tulimkuta amevaa koti, ametungoja. Alisimama akaelekea mlimani, na kule ni Mawenzi inayokukabili, akatema mate, akaanza. Nakuambia ukweli, nywele zilinisimama. Kichagga cha Rombo si chetu, lakini nilifuata. Alimsifu Ruwa. Akaungama. Akashukuru. Akaombea viongozi, akaombea wagonjwa na wasafiri. Halafu akanyamaza kidogo, mikono ameikunja, kana kwamba kuna kitu kinapita, kisha akaendelea na baraka ya kufungia. Hapo ndipo nikaitambua. Ilikuwa ibada ya Jumapili, kwa mpangilio wake uleule, hata pale pa sadaka palikuwa na nafasi. Nilimtazama Mwalimu nikitegemea tutakonyezana. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, na mzee alipomaliza alimshika mikono yote miwili akamshukuru kwa muda mrefu.

Garini nilianza kucheka, akanizuia. Alisema mzee yule hajadanganya. Amesali kanisani maisha yake yote, na alipotafuta sauti ya babu yake kichwani, ameikuta imekaa kwenye viti vya kanisa pamoja na sauti nyingine. Amekumbuka kwa mdomo alionao. Ni baada ya maneno hayo ndipo nikamtania habari ya mate, na ukungu ukatukuta.

Nilipokwisha kujua sababu, nilianza kugombana naye. Nilitaka aikubali baraka yake yaishe. Palikuwa na bibi mmoja wa rika la mama yake, alikuwa bado hai, na aliwahi kumwambia bila kusita kwamba mama yako alikubariki. Nilimuuliza Mwalimu, huyo naye unampunguzia nini?

"Nilimuuliza kama alikuwepo," akasema. "Hakuwepo. Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia, mama gani angemlaani mwanawe? Sasa huo ni ushahidi wa akina mama, mwanangu. Si wa mama yangu."

"Kwani wewe unataka iwe nini?"

"Nataka iwe baraka. Ndiyo maana sijiamini. Nikikubali kwa sababu nataka, nitakuwa nimejibariki mwenyewe."

Nilimwambia ana roho ngumu. Akasema huenda.

Hilo nalo lilikuwa neno lake, na siku moja lilimrudia vibaya. Pale kwetu vijana wengi wanaongoza wageni, wanaowapandisha mlimani na wanaowazungusha tu kwenye maporomoko na migahawa ya kahawa. Mwalimu alipenda kukaa pembeni akiwasikiliza. Wageni waliambiwa Wachagga waliabudu mlima, wiki inayofuata wakaambiwa hawakuwahi kuuabudu, ilitegemea wageni wametoka wapi. Siku hiyo kijana mmoja, mwerevu, aliwaeleza wageni wake kwamba wazee walitema mate asubuhi na kwamba mate hayo daima yalikuwa baraka, hasa mama akimtemea mtoto anayesafiri. Nilimwona Mwalimu akisimama. Uso wake sijawahi kuuona vile, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa hospitali. Alisubiri wageni wasogee, akamfuata kijana.

"Hayo ya mama na mtoto, nani kakuambia?"

"Si ni wewe mwenyewe, Mwalimu?" kijana akasema kwa heshima. "Kwenye ile semina yetu ya waongozaji."

Mwalimu akamshukuru. Njiani kurudi alitembea polepole sana. Alisema pale kwenye semina yeye alisema huenda. Alikumbuka kabisa kwamba alisema huenda. Lakini neno hilo ndilo linalotangulia kudondoka njiani, na sasa lile ombi lake mwenyewe limemrudia likiwa limevaa kama ushahidi. Kwa dakika moja, akasema, aliamini. Alisema hivyo kwa uchungu, na mimi nikamuonea huruma kwa ile dakika moja kuliko kwa miaka yote.

Msidhani lakini alikuwa mtu wa mashaka matupu, mwenye moyo wa baridi. Alikuwa mzee wa kanisa, alishika besi katika kwaya mpaka sauti ikamtoka, na Jumapili hakupunguzia mtu. Nilimuuliza inakuwaje. Akanijibu kwamba kanisani haendi kutafuta ushahidi. Nilidhani ananikwepa, na mpaka leo sina uhakika.

Na kuna la Desemba. Desemba kwetu watu wote hurudi. Dar inahamia mlimani, magari yanabanana kwenye vijia vya migomba, mbuzi wanaisha. Mwaka mmoja, asubuhi ya mkesha wa Krismasi, nilikuwa nachota maji upande wa kwetu nikamwona Mwalimu ameingia ndani ya kihamba chake, pale alipozikwa mama yake chini ya migomba ya zamani. Alikuwa amevaa suti ya kanisani. Alikata jani la isale kwenye mpaka, akalifunga fundo, akaliweka pale chini. Kwetu ukimkosea mtu ukampelekea isale, hawezi kukukatalia msamaha. Lakini huwa unampelekea mtu aliye hai. Alipogeuka akaniona, hakustuka.

"Hili sina ushahidi nalo," akasema. "Nalifanya tu. Nilijifuta mbele yake."

Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama maji yanatoka vizuri upande wetu.

Mwaka juzi ofisi ilinihamishia Tunduma, mpaka mwingine, mwisho mwingine wa nchi. Basi langu lilikuwa la asubuhi kutoka Moshi mjini, kwa hiyo nilipita kumuaga kukiwa kumepambazuka tu. Macho yalikuwa yamemwishia. Alikuwa amekaa barazani amejifunika blanketi, na kikombe cha uji kimepoa pembeni.

Nikamwamkia. Akaniitikia, akanyoosha shingo kuelekea juu.

"Mlima umetoka?"

"Umetoka, Mwalimu."

"Wote?"

"Kibo yote. Mawenzi ina wingu."

"Umeona, au unataka nifurahi?"

"Nimeona."

Akaomba nimsimamishe. Alikuwa mwepesi, nikaogopa. Tulitoka uani, akaniuliza mlima uko wapi, nikamgeuza mabega kidogo mpaka akaelekea sawa. Akasema maneno kwa Kichagga, chinichini, na meno hana, na ng'ombe wetu alikuwa analilia majani upande wa pili. Nilitega masikio kwa nguvu zangu zote. Nadhani nilisikia jina la Ruwa, lakini ndilo nililokuwa nalisubiri. Kisha akanigeukia, akanipapasa mpaka akapata kichwa changu, akanitemea mate kwenye paji la uso. Yalikuwa mepesi, ya baridi.

"Mwalimu, maana yake nini?"

"Sijui," akasema. "Nimefanya nilivyofanyiwa. Ukiulizwa, sema ulichoona."

Nilisimama pale mikono imeninata ubavuni. Gari lililonisubiri barabarani likapiga honi. Mwalimu akainua mkono tena, taratibu, akanigusa paji la uso kwa ncha za vidole. Akakuta bado ni bichi. Aliacha vidole vyake pale kwa muda, halafu akasema, "Aika," ambalo kwetu ni asante, na akaniambia niende, nisije nikaachwa.

Yalikauka yenyewe, kabla hatujafika Himo. Mwalimu alifariki mimi nikiwa Tunduma, na kwenye mazishi nilifika watu wameshaanza kutawanyika. Masale ya mpakani kwetu yamekua, hakuna anayeyakata. Jioni nikiwa likizo bado nasikiliza kama kuna anayeniita nije ninywe mtori, na hakuna, na namkosa kwa namna ambayo sijui niiweke wapi.

Nimesema nilichoona. Kuhusu maana, mimi naamini ilikuwa baraka, ya kwangu na ile ya mama yake. Lakini nilimpenda mno, na nilitaka sana iwe hivyo. Kwa hiyo mnipunguzie kidogo.